Kasia Moja Tezini

Upepo wa pwani hauna mkataba na mtu. Msimu wa tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi bado haijashika, mashua huondoka asubuhi kwa umande mzuri wa kutoka bara, na ikifika saa tano tanga limelegea, kamba ya demani imelala majini, na maji yametulia hadi unaona foromali yako ndani yake. Bahari imelala lakini mkondo haulali. Chombo kinachukuliwa kidogo kidogo kuelekea mwambani, na nahodha anaanza kuhesabu alichonacho.

Siku hizi wengi huianza na kuimaliza hesabu hiyo kwa injini. Ipo pale nyuma, ya farasi tano au nane, imefunikwa turubai, na imani yote imewekwa juu yake. Lakini injini inayofanya kazi kila siku ndiyo huwaka kila siku, kwa sababu kasoro zake huonekana mapema zikarekebishwa. Ile inayosubiri dharura hukaa miezi bila kuguswa. Petroli inachakaa tankini, maji yanajikusanya chini ya mafuta, vitundu vya kabureta vinaziba, chumvi inakula nyaya. Siku ya haja unavuta kamba mpaka bega linauma. Sisemi uitupe. Nasema isiwe peke yake, na msaidizi wake awe kitu kisicho na plagi, kisichokula mafuta, ambacho fundi yeyote wa mashua anaweza kukuchongea: kasia moja refu la kupigwa nyuma, juu ya ubao wa tezi.

Msomaji wa mwambao ataniuliza, kwani pondo na kafi vimekufa? Havijafa, na kila kimoja kina mahali pake. Pondo ni mfalme pale linapogusa chini. Kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya bara na kisiwa cha Manda huko Lamu, hakuna chombo cha maana zaidi ya mti mrefu na mtu anayejua kuusukuma. Ukitoka hapo ukaingia maji ya pima tano, pondo limegeuka kuni. Kafi nalo limeumbwa kwa ajili ya chombo cha chini chini. Mwenye ngalawa au hori asihangaike na haya ninayoyaandika. Akae na kafi lake, linamtosha. Mimi nazungumza na mwenye mashua ya futi kumi na nane hadi ishirini na tano, au boti ndogo ya matanga ya kisasa, ambayo ubavu wake umeinuka juu ya maji kiasi kwamba mpiga kafi inambidi aning'inie nusu ya mwili nje. Zipo pia mashua zinazovutwa kwa makasia mawili ya ubavuni, na hizo hukimbia vizuri zikipata watu wa kuzivuta. Ila makasia mawili yanataka nafasi pande zote mbili, na bandarini, katikati ya vyombo vilivyofungwa ubavu kwa ubavu, nafasi hiyo huipati.

Kasia la tezini halizidi upana wa chombo chako. Mtu mmoja analipiga amesimama, na bapa halitoki majini hata mara moja. Linapokwenda kushoto linasukuma, linaporudi kulia linasukuma.

Si uvumbuzi wa jana. Wachina wamesukuma sampani kwa kasia la namna hii kwa karne nyingi, wakiliita yuloh, na vyombo vya mizigo vizito vimepandishwa mito kwa nguvu za watu waliosimama juu yake. Wajapani wanalo lao. Huko Brittany, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, wavuvi wa zamani walivuka bandari kwa mkono mmoja juu ya kasia la nyuma. Na kwa anayedhani haya ni mambo ya mitumbwi tu, wapo Lin na Larry Pardey, mke na mume waliojenga mashua ya matanga iitwayo Seraffyn, yenye urefu wa futi ishirini na nne na ushei, wakaishusha majini California mwaka 1968 na kuizungusha dunia nzima bila injini. Baadaye wakajenga nyingine kubwa kidogo, Taleisin, nayo haikuwa na injini. Bandarini, upepo ulipokata, walishika kasia refu. Chombo cha tani kadhaa kilitembea.

Kinatembeaje? Hapa ndipo pagumu kuamini, basi tuonyeshane hesabu. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuzimia, yaani hata robo ya farasi mmoja haifiki. Ukiishia hapo utacheka. Lakini maji hayakatai sawasawa kwa kila mwendo. Kwa takriban, ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi kama moja ya nane. Kinachotaka farasi tano kikiwa kinakimbia kinaweza kuridhika na sehemu ya farasi kikiwa kinatembea. Mashua yako haitakimbia kwa kasia. Itakwenda noti moja, noti moja na nusu, mbili ukiwa na kasia zuri na mikono iliyozoea. Noti moja ni mita 1,852 kwa saa. Kwa noti moja na nusu, nusu saa inakupeleka kiasi cha mita 1,400, na umbali huo mara nyingi ndio ulioko kati yako na mahali pa kutia nanga.

Bapa la kasia hufanya kazi ya bawa, si ya koleo. Hulisukumi nyuma kuchota maji. Unalipeleka kushoto na kulia huku umeliinamisha kidogo, na maji yanayopita juu yake yanalivuta mbele, vilevile yanavyofanya juu ya panga za feni ya meli. Ukilitazama bapa kutoka juu maji yakiwa maangavu, ncha yake inachora namba nane iliyolala. Kanuni ya pekee ya kukariri ni hii: ukingo unaotangulia uwe chini. Bapa likielekea kushoto, ukingo wake wa kushoto uiname. Likigeuka kwenda kulia, ukingo wa kulia ndio uiname. Mkononi kanuni hiyo ni nyepesi zaidi. Shika mpini kutokea juu, kiganja kikitazama chini, kisha kila unakousukuma mpini, kiganja kigeukie huko huko. Ukisukuma kulia, kiganja kitazame kulia. Ukirudi kushoto, kitazame kushoto. Bapa litajipanga lenyewe.

Na utajuaje umekosea? Kasia litakwambia. Likipigwa sawa, bapa hutaka kuzama na mpini hutaka kuinuka mkononi mwako, hivyo kasia linabaki limekaa kwa utulivu kwenye pengo lake, lile lililokatwa juu ya ubao wa tezi. Likipigwa kinyume, bapa hupanda juu, kasia linaruka nje ya pengo, na chombo, kama kitakwenda popote, kitarudi nyuma. Kila anayejifunza hulaumu pengo, hulaumu fundi, hulaumu mawimbi. Kasia linaloruka lina sababu moja kubwa: mkono umeligeuza upande usio wake.

Tuje kwenye kulitengeneza, kwa sababu kasia la dukani la boti ya mpira halitakusaidia. Ni fupi. Urefu unategemea ubao wa tezi uko juu kiasi gani, kwa kuwa kasia linatakiwa kuingia majini kwa mwinamo wa nyuzi thelathini hadi arobaini na tano. Likisimama wima zaidi linakuwa usukani. Likilala zaidi bapa halipati kina. Kwa mashua ya futi kumi na nane, mita tatu na nusu zinaweza kutosha. Kwa ya futi ishirini na tano, fikiria mita nne hadi nne na nusu, yaani pima mbili na zaidi. Kiasi cha theluthi moja kiwe ndani ya chombo na theluthi mbili nje. Usiamini vipimo vya makala peke yake: chukua mti wowote mwembamba, mwanzi hata, uuweke tezini chombo kikiwa majini na mzigo wake wa kawaida, uuinamishe, simama utakaposimama, na uweke alama mkono unapofika kati ya kiuno na kifua. Huo ndio urefu wako.

Bapa liwe jembamba na refu. Mafundi wetu wamezoea kasia la kuvuta, lenye ubao mpana mwishoni, na ukimwambia tu «nichongee kasia» atakupa hilo. Mweleze. Upana wa sentimita kumi na tano hivi, urefu wa mita moja na kidogo, mgongo mnene katikati unaopungua kuelekea kingo, na kingo ziwe nyembamba zilizolainishwa kwa msasa. Bapa pana linachosha mkono wakati wa kuligeuza na halikupi mwendo wa ziada wa maana.

Mti uwe mwepesi, ulionyooka, nyuzi zake zikienda sambamba na urefu bila vifundo. Mkoko ni imara, lakini mzito mno kwa kazi hii, tena ukianguka majini unazama, na kasia lililozama ni hasara mara mbili. Msonobari uliokaushwa vizuri unafaa, hasa ukiunganisha mbao mbili kwa gundi isiyoogopa maji, nyuzi za moja zikipingana na za nyingine ili kasia lisipinde kwa jua. Mwanzi ni mwepesi na hufaa kwa mpini, ila husagika pale unapokaa kwenye pengo, kwa hiyo sehemu hiyo izungushiwe kamba iliyokazwa barabara. Usilipake rangi sehemu unayoshika. Mafuta yanatosha, mti mtupu uliopakwa mafuta hauchubui kiganja kama rangi iliyokauka.

Pengo lenyewe likatwe juu ya ubao wa tezi, nusu duara, kina chake kizidi nusu ya unene wa mpini, na midomo yake iwe mviringo isiyo na makali. Usukani ukiwa katikati, kata pengo pembeni kidogo, upande ule mkono wako wenye nguvu utakaoona raha. Usiogope kwamba chombo kitakwenda kombo kwa kuwa kasia haliko katikati. Utasahihisha bila kujua. Ngozi ya ng'ombe ipigiliwe ndani ya pengo, au kipande cha mpira wa tairi kama ngozi haipo, na ipakwe shahamu au grisi. Mwenye chombo cha kizamani asiyetaka kukata ubao wake apigilie kigingi kifupi cha mti mgumu na kufunga kishwara, kile kitanzi cha kamba cha kushikilia kasia. Mimi binafsi napenda pengo na kishwara pamoja. Pengo linabeba uzito, kishwara kinazuia kasia kutoka kila wimbi la boti ya abiria linapokupita.

Wachina walikwenda mbali zaidi. Mpini wa yuloh umepindika, mwisho wa mkononi ukiinamia chini, na kamba imefungwa kutoka mwisho huo hadi kwenye pete sakafuni. Kamba hiyo inazuia mpini usiinuke, hivyo bega halibebi kazi ile, na kwa kuwa inavuta kutokea chini, inaligeuza bapa yenyewe kila unapobadilisha upande. Unasukuma mpini kwa mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mwingine. Kwa chombo kizito cha tani mbili na zaidi, ningekushauri uanze na kamba hata kama kasia lako halijapindika. Kamba ya mita moja na nusu, pete moja ya chuma, na kazi uliyoweza kuivumilia kwa dakika kumi utaivumilia kwa saa nzima. Pete iwe chini kabisa, karibu na miguu yako, moja kwa moja chini ya mpini ukiwa katikati.

Sasa kujifunza. Watu hukosea kwa kungoja shwari ya kweli huko nje ndipo wajaribu. Chagua siku ya maji mafu, siku saba au nane baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji yanaposogea kwa ulegevu. Funga kamba ya mita kumi kutoka pembe moja ya tezi hadi gatini au kwenye boya, upande usio na kasia, kisha ujaribu kuikaza kamba hiyo kwa kupiga kasia. Kamba haidanganyi. Ikilegea, hufanyi kitu hata kama unatoka jasho. Ikikaza ikadondosha maji, umepata. Anza bila kuligeuza bapa kabisa: lipeleke kushoto na kulia likiwa limelala, usikie linavyoteleza bila kazi. Ndipo uanze kuliinamisha kidogo, kidogo sana, na uongeze mwinamo mpaka usikie uzito. Wengi huligeuza kupita kiasi na kubaki wanasukuma maji pembeni, tezi ikitikisika kushoto na kulia. Povu na kishindo ni dalili ya nguvu inayopotea. Nyuma ya kasia linalofanya kazi hubaki vimbunga viwili vidogo vya maji, vimetulia.

Watakaokuwa wamekaa gatini watacheka. Waache. Ni ajabu kumwona mtu mzima amesimama nyuma ya mashua akikoroga bahari kama uji, na kicheko hicho hukatika mashua inapoanza kuondoka.

Chombo kizito hakiamki haraka. Dakika ya kwanza utadhani umefungwa nanga. Endelea kwa mapigo marefu ya polepole. Kikishaanza, kitabaki na mwendo wake na kazi itapungua. Kwa sababu hiyo hiyo hakisimami haraka, kwa hiyo acha kupiga mapema kabla ya gati, na ukihitaji breki, lisimamishe bapa wima majini. Kugeuza chombo hakuhitaji usukani: funga kana katikati kwa kamba, kisha lipe pigo moja nguvu kuliko jingine. Omo itaelekea upande ule ambao bapa lilikwenda kwa nguvu. Boti ikiwa na ubao wa katikati wa kushusha, ubao huo ushushwe nusu, ili omo isiyumbe. Na tanga litue. Wengi huliacha limetwekwa kwa matumaini, likabaki likipigapiga na kukuzibia njia, na pumzi yoyote ya upepo wa mbele inakurudisha ulikotoka.

Yote hayo ni nusu ya elimu. Nusu nyingine ni saa ya maji, na mtu asiyeijua asinunue kasia. Kwenye mwambao wetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara, bamvua huinua na kushusha bahari kwa mita tatu hivi au zaidi, na maji hayo yote sharti yapite kwenye milango ya miamba, midomo ya mito na vijito vya mikoko. Penye mlango mwembamba mkondo wake unaweza kuzidi noti mbili kwa urahisi. Kasia lako linakupa moja na nusu. Toa mwenyewe: utapiga kwa bidii huku ukirudi nyuma.

Maji huchukua saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa, na hayaendi kwa kasi moja. Mabaharia hugawa kimo chote cha maji katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hushuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ni makadirio, lakini yanatosha. Maana yake ni kwamba saa ya tatu na ya nne ni za mkondo, si za kasia. Saa ya kwanza na ya sita ndizo zako, na ile nusu saa maji yanaposita kabla ya kugeuka ni zawadi. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata muda huo unasogea mbele kama dakika hamsini. Akina mama wanaokwenda pwani kuokota chaza na kuchokoa pweza wanaijua ratiba hii bila kitabu. Waulize, kama huna jedwali.

Kwa hiyo ukikamatwa na shwari nje ya mlango na maji yanapwa, usishike kasia. Shika nanga. Pima kina, tia nanga, kula, lala, ngoja. Maji yakianza kujaa, ng'oa nanga na uingie nayo. Mkondo utafanya kazi kubwa, na kasia litabaki na kazi ndogo ya kukuweka katikati ya njia, mbali na fungu na mwamba. Chombo kinachokwenda na mkondo bila kasia hakiwezi kuchagua mahali pa kwenda. Hicho ndicho unachokinunua kwa mti wa mita nne: uwezo wa kuchagua mita mia kushoto au mita mia kulia. Mara nyingi mita mia hizo ndizo zinazotenganisha kuelea na kupwelewa juu ya mawe.

Kuna mahali kasia si jibu kabisa, na heri nipaseme waziwazi. Huko nje, kwenye maji makuu kati ya Pemba na bara, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka kasi. Nanga haifiki chini. Mtu mmoja na kasia lake hawashindani na mto wa namna hiyo. Huko msaada ni maji ya kunywa, simu au redio yenye chaji, taa, na subira ya kungoja upepo urudi. Vilevile, kukiwa na upepo wa mbele wenye nguvu, kasia halitakusogeza. Lakini ukiwa na upepo una tanga, basi piga bisho. Na penye mawimbi makubwa ya kutoka nyuma, bapa linatoka majini na kurudi kwa kishindo, mpini ukaja kukupiga mbavu. Kasia ni chombo cha maji yaliyolala. Mwenye mashua ya Ziwa Victoria ana nafuu kidogo, kwa kuwa kule hakuna bamvua la kumvuruga hesabu, ila ziwa lina dhoruba zake za ghafla, na akiona wingu limesimama asidhani kasia litamwahi.

Machache ya usalama. Unayepiga kasia unatazama nyuma au ubavuni, kwa hiyo awepo mtu omoni wa kutazama mbele. Ukiwa peke yako, geuka kila baada ya mapigo machache. Simama miguu imeachana, mmoja mbele ya mwingine, goti limelegea, na vaa jaketi okozi, kwa sababu anayesimama tezini akisukuma kwa uzito wa mwili wote, siku kishwara kikikatika ataanguka moja kwa moja majini. Fungia kasia kamba nyembamba ya kulizuia lisipotee. Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote: boti za mwendo kasi hazitarajii kukuta mtu amesimama katikati ya njia bila sauti.

Na kasia likae mahali pa kushikika. Nimeona makasia mazuri yamefungwa chini ya nyavu, madumu na magunia, kamba imekazwa fundo la kukata kwa kisu. Kasia la namna hiyo ni boriti. Liweke kando ya ubavu, bapa likielekea omoni, kwa vifungo viwili vinavyofunguka kwa mkono mmoja, na ujipime: kutoka kusema «upepo umekata» hadi bapa kuwa majini, isizidi dakika mbili.

Ukisafiri na abiria au wavuvi wenzako, wafundishe wote, hasa vijana. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye mkono mwepesi atalijua kasia hili kabla ya baba yake, na siku nahodha ameumia au amechoka, huyo ndiye atakayeileta mashua. Kubadilishana kila dakika kumi na tano ni bora kuliko mtu mmoja kujikaza mpaka mikono itetemeke.

Gharama yake ni mbao mbili, gundi, kipande cha ngozi, kamba, na ujira wa fundi. Linganisha na bei ya injini ya farasi tano, kisha ongeza mafuta yatakayochakaa bila kutumika. Kama unayo injini, iwashe kila wiki, mwage petroli iliyokaa muda mrefu, na uibebee plagi ya akiba. Kama huna, usisubiri mpaka uipate ndipo ujione una akiba. Nenda kwa fundi wako wiki hii ukiwa na vipimo vyako mkononi, mwambie bapa liwe jembamba, na ukitoka hapo tazama kalenda uone maji mafu yanaangukia lini, ukafanye zoezi la kamba gatini kabla tanga mbili haijaingia.